Inveta ya Bibi Inaona Haya

Betri ingekuwa imekufa, inveta ingezima usiku, mjomba. Siyo mchana, jua likiwa utosini. Ndivyo nilivyomjibu, tena kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa kumjibu mtu anayekulisha. Mie nikiwa na uhakika na kitu sauti inapandaga yenyewe.

"Usiku, mchana, inanihusu nini?" mjomba akasema. "Wewe na huyo fundi wako mmeshaenda kule, mmerudi, mmeenda tena. Kila mkirudi mnasema nzima. Mkigeuza mgongo tu, inazima. Sasa hiyo nzima gani?"

"Ishu ni kwamba sie tukiwepo haizimi."

"Basi hamieni huko."

Tulikuwa sebuleni kwake Goba. Ni kaka yake mama, na nakaa kwake tangu nimalize kidato cha nne. Alikuwa ndo kwanza amekata simu na bibi, yaani mama yake, ambaye anaishi peke yake Kimbiji. Inveta ya sola, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uendeshe vitu vya nyumbani, ilikuwa imezima tena, friji nayo imezima tena, na ndani ya hiyo friji ndo zinakaa sindano zake za sukari.

Sitaki nimwandike mjomba kama mtu mkorofi, kwa sababu siye. Mwanzoni mwa kiangazi hiki, inveta ilipoanza kuzima, bibi alijichoma dawa iliyoshinda kwenye joto, haikumsaidia kitu, na jirani akamkuta amekaa kizingitini hawezi kutoa neno. Mjomba aliendesha gari kutoka Goba mpaka Kimbiji huku amewasha taa za hatari njia nzima. Mpaka leo simu ikiingia kutoka kule anasimama kwanza, ndo anapokea. Kwa hiyo alipotangaza kwamba Jumamosi anakodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, anapakia kitanda, friji na masanduku, anamleta mama yake Goba, nilielewa alikuwa anaongea kitu gani. Alikuwa anaogopa.

Ila bibi hataki. Kwenye simu alisema Goba kuna milima na miguu yake imezoea tambarare. Hiyo ilikuwa sababu ya kusema tu. Nguzo za umeme kule zimeishia barabarani, hazijafika kwake, kwa hiyo friji yake ndo friji ya majirani wote. Mwenye mtoto mchanga analeta maziwa. Watoto wanakuja na vikombe vyao kungoja barafu za ubuyu. Ikifika alasiri baraza lake limejaa watu wanaochaji simu, kila mmoja na habari yake, na bibi katikati anagawa maneno kama anagawa karata. Goba kila mtu ana geti lake. Angekaa kwenye kochi la mjomba anaangalia geti.

"Nipe mpaka Jumamosi," nikasema. "Niende mwenyewe, nilale huko huko."

"Utafanya nini ambacho fundi hakufanya?"

"Sijui. Ila nitakaa."

Mjomba akacheka. "Wewe ukae? Wewe chai ikichelewa unainywa ikiwa bado maji."

Kweli siwezi kukaa. Ndo maana napenda kazi ya fundi wangu pale Manzese, anayenifundisha sola. Kwake ni kuingia, kupima, kukaza, kuwasha na kuondoka, kwa sababu kuna mteja mwingine anapiga simu. Nilipomuomba mkoba wa vifaa alinipa, ila alinionya. "Dogo, ile mashine imechoka bodi. Usipoteze muda, waambie wanunue nyingine." Nikamwambia sawa, braza. Njiani kote nikawa namjibu moyoni, imechokaje wakati mwaka mzima ilikuwa inafanya kazi bila kukohoa, ikaja kuanza vituko kiangazi hiki?

Alhamisi asubuhi bodaboda akanishusha kwenye uzio wa bibi nikiwa mwekundu wa vumbi mpaka kwenye kope. Bibi alikuwa ameshasimama mlangoni. Nilikuwa nimempigia simu toka barabara kuu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mke mwenzangu! Mume kafa zamani, bado unakuja na koleo. Unataka kufukua?"

"Nimekuja kutengeneza."

"Haya, pita fundi. Pita ukae."

Ndani kulikuwa kumefagiliwa, madirisha wazi. Inveta ilikuwa ukutani karibu na dirisha, imepanguswa inang'aa, taa yake ya kijani imetulia. Nikaweka mkoba wa vifaa kwenye mkono wa kochi, juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa. Bibi akautoa taratibu, akauweka chini kwenye mkeka.

"Hapo usiweke vyuma," akasema.

Sikujali. Nyumbani kwa bibi kila kitu kina kitambaa cha kufuma. Makochi, redio, televisheni, mtungi wa maji, mpaka chupa ya chai ina kofia yake. Anafuma mwenyewe, anakipiga wanga mpaka kinasimama. Nimeviona tangu sijaanza shule, na kitu ulichokiona tangu utoto hukioni tena.

Nikaanza kazi. Nilipanda juu ya bati nikafuta paneli, zilikuwa na vumbi lakini la kawaida. Nikapima umeme unaoshuka, uko sawa. Nikakagua viungio vya waya, hakuna kilicholegea wala kuungua. Nikafungua boksi la betri, nikakaza nati ambazo tayari zilikuwa zimekaza. Nikazima vitu vyote, nikawasha kimoja kimoja. Taa, televisheni, halafu friji, nikiangalia kioo cha inveta friji inapoanza kuvuta. Ikavuta, namba zikaruka, zikatulia. Haikulalamika.

Nikabaki na wazo moja. Kama mashine ni nzima, basi kuna mtu anaizidishia mzigo.

"Bibi, niambie ukweli. Unapigaga pasi?"

"Pasi ninayo. Ya mkaa. Aliniachia babu yako. Ukitaka kuirithi, subiri nife."

"Jagi la kuchemshia maji?"

"Njoo unipekue na uvunguni, polisi wa umeme."

"Siyo hivyo, bibi. Labda jirani amevuta waya."

"Jirani huyo huyo aliyenikuta kizingitini?" Hakupandisha sauti, ila aligeuka akaendelea kupepeta mchele, na nikajua nimevuka mstari. Nikatoka nje nikajifanya naangalia paneli.

Niliporudi nikauliza vizuri, kama nilivyotakiwa kuuliza toka mwanzo. Nikamwomba anisimulie inavyozima.

"Inalia kwanza," akasema. "Tii, tii, tii, kama kifaranga kimepotezana na mama yake. Halafu kimya. Friji inatetemeka mara moja, nayo kimya."

"Na kwenye kioo panaandika namba gani?"

"Namba nizione kwa macho haya? Nikisikia inalia naizima pale pembeni. Naiacha ipumzike, naiwasha tena. Saa nyingine inakubali, saa nyingine inalia tena."

"Sasa bibi, ukiizima namba inafutika! Ile namba ndo inatuambia inaumwa nini. Ungesubiri."

"Mtu anakulilia, unamwambia subiri kwanza nisome?"

Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya inveta. Adhuhuri ikapita. Jua lilikuwa kali mpaka bati linalia, na mashine ikaendelea kuvuma polepole. Niliweka kiganja ubavuni mwake, ilikuwa vuguvugu tu, na feni zake mbili za chini zinasukuma hewa vizuri. Alasiri ikafika, watu wakajaa barazani na simu zao, friji ikagandisha barafu, watoto wakapata chao. Kila anayepita ananiuliza, "Fundi, imepona?" Jua likazama bila inveta kutoa hata mlio mmoja.

"Si nilikwambia," bibi akasema huku akifunga madirisha. "Inaona haya. Ikiona mgeni inajikaza."

Tulicheka, ila mie nilicheka kwa hasira. Siku nzima imeisha, na cha kumwambia mjomba ni kile kile cha mara zote, nzima. Kesho Ijumaa, keshokutwa kirikuu.

Ijumaa bibi aliniamsha kama mtu wa nyumbani. Nikafagia uwanja. Nikakuna nazi, nikaosha vyombo. Kila nikipita sebuleni nachungulia kioo cha inveta, mpaka bibi akanichoka.

"Utaitoboa kwa macho. Nenda kachote maji."

"Na ikizima nikiwa kisimani?"

"Ikizima nitaizima vizuri. Nenda."

Kisimani kulikuwa na foleni na maneno, nikakaa huko mpaka jua likawa utosini. Dada mmoja aliyekuwa mbele yangu, yule jirani mwenyewe, akaniuliza kama ni kweli bibi anahamishwa. Nikamwambia bado. Akasema, "Akienda huyo, sie tutabaki na nini? Siyo friji naongelea." Akashika ndoo yake akaondoka, hakutaka nimuone uso. Nilibeba ndoo yangu kichwani nikarudi kwa mwendo wa haraka, maji yananimwagikia shingoni.

Nikiwa bado nje ya uzio nikasikia. Tii, tii, tii.

Sijui ndoo niliiweka au niliitupa. Niliingia mbio sebuleni na miguu ya tope. Bibi alikuwa amesimama mbele ya ukuta, amenyoosha mkono, kidole kinatafuta swichi. Na inveta sikuiona. Pale ilipokuwa, kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya njano pembeni, kimeshonwa kama koti, kimeingia barabara juu mpaka chini. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima ndani kwa ndani, kama mtu anayepiga tochi chini ya shuka.

"Bibi, usizime!"

Akashtuka, mkono ukabaki hewani. Nikakishika kile kitambaa kwa chini nikakifunua. Joto lililonipiga usoni lilikuwa kama nimefunua sufuria ya ubwabwa. Kwa ndani kilikuwa na bitana ya nailoni, ile ya vitambaa vya meza, imezunguka pande zote, imefunika tundu za pembeni na imezifunga zile feni za chini kama mfuko. Nikasoma namba kwenye kioo. Niliijua bila kufungua kitabu chochote. Ni ile inayomaanisha mashine imezidiwa na joto, imeamua kujizima yenyewe isije ikaungua. Nilipomaliza kuisoma ikanyamaza. Friji ikatetemeka mara moja, nayo ikanyamaza.

Nikamnyooshea bibi kile kitambaa.

"Hiki kinakaaga hapa kila siku?" nikauliza.

"Kila siku."

"Mbona jana hakikuwepo?"

"Jana ulikuwa fundi."

"Na leo?"

"Leo umefagia uwanja, umekuna nazi. Fundi gani anakuna nazi?"

Akanieleza, na kwake jambo lenyewe lilikuwa la wazi kabisa, alishangaa naulizaje. Fundi akija anakuja kutazama kitu. Huwezi kumkaribisha mtu wa watu halafu umwache ahangaike kuvua nguo za kitu ndo akione. Kwa hiyo akisikia fundi yuko njiani, anakivua kitambaa, anaipangusa mashine, anafungua madirisha hewa ipite, anamngoja. Fundi akiondoka anairudishia nguo yake, kwa sababu ya vumbi. Ni adabu tu. Na kwa adabu hiyo tulikuja mara zote tukaikuta mashine imepumzika, imepoa, inapumua, tukaandika nzima.

"Na hii nailoni?"

"Hiyo nimeitia juzi juzi, kiangazi kilipoanza. Mwanzo kilikuwa na matundu yake tu. Si unajua mashine ya huyu jirani ilivyokufa? Mjusi kafiri aliingia ndani. Nikasema yangu haingii mjusi."

Nikakaa chini kwenye mkeka nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, nimeegemea mkoba wa vifaa. Wiki zote zile, na betri, na bodi iliyochoka, na polisi wa umeme! Nikatoa simu mfukoni nimpigie mjomba hapo hapo. Kwangu kazi ilikuwa imekwisha.

"Utamwambia nini?" bibi akauliza.

"Ukweli. Kwamba ulikuwa unaifunika."

Akakaa kwenye kochi, kitambaa mapajani, anakinyoosha kwa viganja kama kimekunjwa.

"Mwambie," akasema. "Mwambie mama yako kaiziba mashine pua. Na yeye atasema, huyu mzee leo kaziba mashine, kesho atasahau moto jikoni. Atakuja na hilo gari lake bila hata kuzungumza na mie."

Nikaishusha simu. Sikuwa nimefika huko. Nilikuwa nimefika kwenye jibu tu, sikutazama jibu lenyewe linamwangukia nani. Kumbe kosa lenyewe lilikuwa linaweza kumhamisha bibi kuliko hata mashine mbovu.

"Nyie mlipoileta hii," akaendelea, bado ananyoosha kitambaa, "mlichangishana wote. Mpaka wewe na vihela vyako vya Manzese. Mkaja mkaifunga, mkala, mkaondoka. Mie ningewapa nini? Nikasema hii nitaifumia nguo. Nzuri kuliko ya redio."

Niliangalia yale maua ya njano. Yalikuwa madogo madogo, ya kushona kwa kuinamia dirishani, na macho yake yale ambayo hayasomi namba kwenye kioo. Na jana nilikuwa nimekitupia mkoba wa koleo juu yake.

"Ni kizuri, bibi," nikasema.

"Najua."

Niliwasha inveta ilipopoa. Mchana wote uliobaki ilikaa wazi, na haikulia. Ila nusu siku siyo ushahidi, hilo hata mie na haraka zangu nalijua. Kulikuwa na kitu kingine kinanisumbua ambacho sikumwambia bibi. Mashine iliyochemka hivyo siku baada ya siku inaweza kuwa imeumia ndani kweli. Fundi wangu angeweza kuwa amekosea sababu lakini akapatia mwisho. Ungenifungua moyo jioni ile ungekuta naomba dua kwa ajili ya bodi.

Baada ya magharibi mjomba akapiga.

"Enhe, fundi. Nzima?"

"Ilizima leo, mjomba. Nimeiona mwenyewe. Nimeijua. Ni joto."

"Joto? Dar nzima ina joto. Mbona ya jirani yangu hapa haizimi?"

"Feni zake zilikuwa hazipati hewa."

"Kwa nini hazipati?"

Nikamwangalia bibi. Alikuwa amekaa na taa ya sola juu ya kichwa chake, ananiangalia na yeye. Kudanganya siwezi, naanza kuongea haraka na kila mtu anajua. Nikafungua mdomo sijui nilitaka kusema mchwa au nini. Bibi akanyoosha mkono.

"Lete hapa."

Akaishika simu mbali na sikio, kama anavyoishikaga, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Mwanangu, niliivisha nguo."

"Uliivisha nini?"

"Nguo. Nimeifuma mwenyewe. Nikaitia na bitana."

Nilimsikia mjomba anavuta kiti, anakaa.

"Na bitana, mama?"

"Ya nailoni."

Akacheka. Siyo kile kicheko cha Goba cha kukunja uso. Kicheko cha mtoto wa Kimbiji, cha kukosa pumzi. "Mama, unakumbuka redio ya baba ulivyoishonea kanzu? Ikawa inaongea kama mtu aliyezibwa mdomo?"

"Ile kanzu ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri," mjomba akasema, halafu kicheko kikaisha ghafla. "Lakini mama, siku ile ningekuta umeshaondoka. Kwa sababu ya kitambaa."

"Hukunikuta hivyo."

"Ningekukuta."

Bibi hakubisha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuona habishi.

"Kesho nakuja," mjomba akasema. "Gari nimeshaongea na mwenyewe, siwezi kumrudisha. Nikikuta mashine inafanya kazi jua likiwa kali, napakia nazi zangu narudi nazo. Nikikuta imezima, mama, twende tu nyumbani. Sitaki maneno."

"Njoo," bibi akasema. "Nazi zipo." Akanirudishia simu ikiwa bado iko hewani, mjomba bado anasema haloo, haloo.

Tulikula wali wa nazi. Baadaye bibi akasimama mbele ya inveta, mikono kiunoni.

"Sasa ndo ikae hivi hivi? Tupu? Na mijusi nayo?"

Nilitaka kusema ndiyo, ikae tupu, tumemaliza. Ila kuhusu mijusi alikuwa na haki. Manzese tuliwahi kufungua mashine tukakuta mjusi amekauka amelala juu ya bodi, mguu huku mkia kule, amezima nyumba nzima. Bibi aliona hatari ya kweli, dawa yake tu ndo ilikosa pa kupumulia. Nikauliza kama zile mbao za kitanda kilichovunjika bado ziko uvunguni.

"Zipo. Si nilikwambia uje unipekue?"

Akachukua mkasi, akavuta taa karibu, akaanza kufumua bitana uzi kwa uzi. Nilitaka kumwambia aikate tu, itoke haraka. Badala yake nikamshikia upande wa pili ikae sawa.

Wakati anafumua ndo nikaamua. Nitaamka na adhana ya alfajiri, kabla jua halijagusa paneli. Nitaizima inveta vizuri, nitoe vumbi kwenye feni kwa brashi ya rangi, taratibu, feni moja kisha nyingine. Juu yake nitapigilia ubao wa kitanda kama rafu, mbali na mashine kiasi cha hewa kupita, na kitambaa cha bibi kitakaa juu ya ubao huo, maua ya njano yananing'inia mbele kidogo tu, kila anayeingia ayaone. Pembeni na chini, mbali na zile tundu, nitafunga fremu ya wavu wa dirishani uliobaki, mijusi ikae nje. Halafu nitawasha kila kitu, nitaweka chupa ya maji ndani ya friji, nitavuta kile kigoda, nitakaa. Sitagusa kitufe chochote, sitakaza nati yoyote, hata nikiwashwa mikono, mpaka adhuhuri ipite na nisikie kirikuu kinakata kona. Mjomba akishuka nitampa shikamoo, nimmiminie yale maji kwenye glasi kabla hajauliza kitu, aanze kwa kunywa, ayasikie baridi kwenye meno yake mwenyewe.